Ruzuku ya Mishahara na Mtu Asiyeandikwa

Misemo ya Kiswahili juu ya ugeni ni mingi, lakini hapana utajwao zaidi ya ule usemao, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika pwani ya Ziwa Tanganyika msemo huo una historia ndefu. Ujiji ulikuwa mji wa misafara hata kabla Stanley hajamkuta Livingstone huko mwaka 1871. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaleta wageni wa biashara na wa serikali. Jane Goodall alishuka katika ufuko wa Gombe mwezi wa Julai 1960 kuchunguza maisha ya sokwemtu. Nyuma yake wakaja watafiti, na nyuma ya watafiti wakaja watalii. Kwa kila namna ya mgeni palikuwa na namna ya mwenyeji aliyepata riziki kwake: mpagazi, mkalimani, mpishi, mwenye mtumbwi, mwenye nyumba ya kulala. Walakini msemo huo mzuri una upungufu mmoja. Hausemi mwenyeji atapona kwa nini katika mwaka ambao mgeni haji.

Mwaka 2020 mgeni hakuja, na swali hilo likaulizwa duniani kote kwa mara moja. Jibu lililosifiwa kuliko mengine lilikuwa ruzuku ya mishahara, yaani serikali kulipa sehemu ya mshahara wa mtu ambaye biashara ya mwajiri wake imesimama, ili asiachishwe kazi. Tanzania haikutoa ruzuku hiyo kwa biashara za utalii. Tangu wakati ule wako wasemao kwamba serikali ilikosa huruma, na wako wasemao kwamba ilitumia busara. Pande hizi mbili zimebishana sana, lakini zote mbili zimempita mtu mmoja bila kumsalimu. Mtu huyo ni yule afanyaye kazi ya utalii bila jina lake kuandikwa katika daftari la mshahara la mtu yeyote. Makala haya yanashika hoja kwamba serikali ilipaswa kulipa, ilikuwa na uwezo wa kulipa, na ilipaswa kumlipa mtu huyo kwanza, kwa jina lake, pasipo kupitia mkononi mwa mwenye hoteli.

Yafaa kuanza na mambo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, mkoani Arusha. Mwezi wa Aprili ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Mwezi wa Mei zikaruhusiwa tena. Aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Dkt. Hamisi Kigwangalla, alikadiria kwamba ajira za moja kwa moja katika utalii zingeweza kushuka kutoka 623,000 hadi 146,000. Mwaka 2019 watalii waliofika nchini walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867. Maana yake ni kwamba katika kila wageni 5 waliotazamiwa, 3 hawakuonekana.

Mkoani Kigoma pigo hilo lilianguka katika mwezi mbaya. Mahale, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, ina msimu wake: kiangazi, toka Juni hadi Oktoba, wakati njia za mlimani zimekauka na sokwe hushuka hadi karibu na ufuko. Wakati wa masika wageni ni haba, na kambi hufungwa. Basi mtu aishiye kwa kazi ya kambi huweka akiba wakati wa kiangazi, huila akiba hiyo wakati wa masika, na mwezi wa Mei huwa amebakiwa na kidogo tu, akingoja boti la kwanza la msimu mpya. Janga lilikuja Machi. Lilimkuta mtu huyo mifuko yake ikiwa karibu tupu, na boti la Juni halikuja.

Tena ni lazima kueleza ni watu gani hao. Askari wa hifadhi, avaaye sare na kubeba bunduki, ni mtumishi wa umma. Mshahara wake umo katika bajeti. Meneja wa kambi ana mkataba. Lakini Gombe hakuna barabara iendayo huko. Iko kiasi cha kilometa 16 kaskazini ya mji wa Kigoma, na njia yake ni maji. Mahale iko zaidi ya kilometa 100 kusini, na wengi wa waendao huko huenda kwa maji vile vile, au kwa ndege ndogo kisha kwa boti. Kwa hiyo mtu wa kwanza katika utalii wa Kigoma ni mwenye boti na msaidizi wake, ambao hulipwa kwa safari. Baada yao yuko mpishi aitwaye wageni wakiwapo, na aagwaye wakiondoka. Yuko mbeba mizigo. Yuko kijana wa Ujiji awaongozaye wageni kwenye jumba la kumbukumbu na mwembe wa Livingstone, ambaye ujira wake ni kile mgeni atakachompa. Wako wanawake wa Kibirizi na Katonga wauzao migebuka, kuhe na dagaa kwa wapishi wa hoteli. Hawa wote ni watu wa utalii kwa kazi zao, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliye na karatasi ya kumshuhudia.

Sasa itazamwe ruzuku ya mishahara kama ilivyotolewa katika nchi nyingine. Uingereza, kuanzia Machi 2020 hadi Septemba 2021, ililipa hadi asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi, kwa kikomo cha paundi 2,500 kwa mwezi. Kazi zilizopata msaada huo zilikuwa kiasi cha milioni 11.7, na gharama yake ilikuwa karibu paundi bilioni 70. Katika Bahari ya Hindi, Mauritius na Shelisheli, nchi ambazo utalii ni uti wa mgongo wao, serikali zilibeba mishahara ya wafanyakazi wa makampuni katika miezi ya shida. Haya yalikuwa matendo makubwa, na mwenye kuyadharau hana haki. Familia nyingi zilivuka salama kwa sababu hiyo.

Lakini kila mpango huo ulisimama juu ya kitu kimoja kilichokuwapo kabla ya ugonjwa, nacho ni daftari. Mwajiri alipeleka orodha, serikali ikaitazama katika kumbukumbu zake za kodi, na fedha zikatoka. Katika nchi ambamo walio wengi wameandikwa, njia hiyo huwafikia walio wengi. Nchini Tanzania, ambamo walio wengi hufanya kazi bila mkataba, daftari la mwajiri ni wavu wenye matundu makubwa: hushika samaki wakubwa, na wadogo hupita. Ruzuku ikipita katika wavu huo, hoteli kubwa ya Arusha ingepata, kambi ya kifahari ya ziwani ingepata, na mwenye boti wa Kibirizi angesikia habari zake redioni. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Katika mambo ya fedha za umma msemo huo huwa sheria, hata pasipo Bunge kuupitisha.

Hata huko kwenye madaftari mazuri njia hiyo ilivuja. Australia ililipa makampuni fedha kwa kila mfanyakazi katika mpango wake wa mwaka 2020, na baadaye ikaonekana kwamba mabilioni ya dola yalikwenda kwa makampuni ambayo mapato yake hayakushuka kama yalivyodai yatashuka. Fedha zilizotolewa kwa jina la mfanyakazi zikawa faida ya mwenye kampuni. Hapana shaka wako waajiri waaminifu. Lakini sheria haitungwi kwa kutegemea uaminifu wa mtu ambaye hatapata hasara akikosa kuwa mwaminifu.

Kwa hiyo wale waliodai mwaka 2020 kwamba serikali iyape makampuni ya utalii fedha za mishahara walikuwa na nusu ya kweli. Walisema kweli waliposema kwamba mfanyakazi asiachwe peke yake. Walikosea walipodhani kwamba mfanyakazi na mwajiri ni kitu kimoja, na kwamba maji yakimwagwa juu ya mwajiri yatatiririka hadi chini. Katika milima ya Kigoma maji hutiririka. Fedha hazina tabia hiyo.

Historia ya mkoa huu inatosha kuwa mwalimu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kuandikisha vibarua iliyojulikana kwa jina la SILABU. Ofisi hiyo ilichukua maelfu ya wanaume kutoka sehemu za mbali na mashamba, na Waha wa Kasulu na Kibondo walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa kwa wingi, wakapelekwa Tanga na kwingineko kukata mkonge. Waliitwa manamba, kwa maana kila mmoja alikuwa na namba yake. Namba hiyo ilimfunga: ilionyesha amekuja lini, mkataba wake unakwisha lini, na posho yake ni kiasi gani. Mtu wa Kigoma alijulikana vizuri sana katika madaftari wakati nguvu zake zilipotakiwa mahali pengine. Mwaka 2020, wakati yeye alipotaka kitu, hakukuwa na namba. Ni jambo la kushangaza kwamba dola ya kikoloni na wenye mashamba waliweza kumhesabu mtu wa kijijini kwa ajili ya faida yao, na serikali huru isiweze kumhesabu kwa ajili ya faida yake mwenyewe.

Sasa wasikilizwe wale wa upande wa pili, waliosema kwamba serikali haikupaswa kulipa chochote. Hoja yao ya kwanza ni hii: Tanzania haikuwafungia watu wake ndani. Masoko yaliendelea, mashamba yaliendelea, ndege ziliruhusiwa mapema. Iwapo watalii hawakuja, ni kwa sababu nchi zao ziliwafungia. Basi serikali ya Dodoma haina deni kwa kosa la serikali za Ulaya na Marekani.

Hoja hii ingekuwa na nguvu kama serikali ingekuwa mtazamaji tu katika biashara ya utalii. Lakini haikuwa hivyo. Hifadhi za taifa ni mali ya umma, na mgeni hawezi kumwona sokwe hata mmoja wa Gombe pasipo kulipa ada kwa umma. Tena Sheria ya Fedha ya mwaka 2020, iliyopitishwa katika mwaka ule ule wa janga, ilielekeza mapato ya mashirika ya hifadhi yaende katika Mfuko Mkuu wa Hazina. Hazina ilijifanya mshirika wa kwanza katika mavuno ya utalii wakati ule ule iliposema kwamba ukame wa utalii haiuhusu. Mshirika hugawana faida na hasara. Anayetaka faida peke yake ana jina jingine. Wala si suala la asili ya mtu: aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati huo, Dkt. Philip Mpango, ni mwana wa Kigoma, na hakuna ajuaye shida za mkoa ule kuliko watu waliozaliwa huko. Kasoro ilikuwa katika namna nchi ilivyomfikiria mfanyakazi, na kasoro ya namna hiyo haiondoki kwa kubadili waziri.

Hoja ya pili husema kwamba fedha hazikuwapo. Mwaka 2020 neno hilo lingeweza kusadikiwa. Mwaka 2021 halikusadikika tena. Mwezi wa Septemba mwaka huo Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25 kwa Tanzania, kiasi cha shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kupambana na madhara ya UVIKO-19, na tarehe 10 Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua mpango wa matumizi yake huko Dodoma. Madarasa yalijengwa, vituo vya afya vikapata vifaa, visima vikachimbwa. Haya ni mambo mema, na watoto waliokaa katika madarasa yale ni ushahidi wake. Sekta ya utalii ilitengewa shilingi bilioni 90.2, na sehemu kubwa ya matumizi yake ilihusu barabara za hifadhini na mitambo ya kuzitengeneza.

Hapo ndipo msomaji wa Kigoma anapokuwa na haki ya kuuliza. Barabara, iwe njema namna gani, haiisaidii hifadhi isiyofikiwa kwa barabara. Ndani ya Gombe na ndani ya Mahale mgeni hutembea kwa miguu. Nje yake husafiri kwa maji. Kama ingechukuliwa sehemu moja tu ya kumi ya fedha zile, yaani shilingi bilioni 9, na kila mtu wa utalii asiye na mkataba akapewa shilingi 150,000 kwa mwezi kwa miezi 6, wangefikiwa watu 10,000. Hesabu hii ni ya kitoto, na kila mwanafunzi aweza kuirudia. Sehemu tisa zilizobaki zingetosha barabara nyingi. Kwa hiyo neno lililo kweli ni kwamba fedha zilikuwapo, na zikapewa ardhi na mashine kabla ya kupewa watu. Barabara hungoja mwaka mmoja bila kulia njaa, mtu hawezi.

Hoja ya tatu ni ya wizi. Husemwa kwamba orodha ya watu wasio na mkataba ingejazwa majina ya marafiki, majina ya marehemu na majina ya watu ambao hawajazaliwa. Hofu hii si ya bure. Mwaka 2016 serikali yenyewe ilitangaza kwamba imegundua zaidi ya watumishi hewa 10,000 katika madaftari yake. Lakini tazama fundisho la jambo hilo: watumishi hewa walionekana ndani ya daftari la serikali, lenye mihuri na sahihi, mahali ambapo wenye hoja hii hudhani pana usalama. Mwaloni Kibirizi hakuna boti hewa. Kila mtu anajua ni nani mwenye boti, ni nani huendesha injini, na ni nani alipeleka wageni Gombe wiki iliyopita. Ofisi ya hifadhi ina kumbukumbu za wageni na vyombo. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, umekuwa kwa miaka mingi ukiwalipa watu wa kaya maskini, ambazo idadi yake imepita milioni 1, kwa orodha zinazopitiwa katika mikutano ya vijiji. Na fedha za simu zimefika hata mahali ambapo benki haijafika. Nchi iliyokwisha kujua kuipata kaya maskini katika kijiji cha mbali haiwezi kudai kwamba haijui kumpata baharia wa Ziwa Tanganyika.

Tena sheria ilikuwa imekwisha kulifikiria jambo hili kwa nusu. Mageuzi ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 yaliingiza fao la kukosa ajira, yaani malipo kwa mwanachama aliyeachishwa kazi, kwa miezi 6, kiasi cha theluthi moja ya mshahara wake, iwapo alichangia kwa muda wa miezi 18 au zaidi. Fao hilo ni jambo la heshima. Walakini nalo lina mlango ule ule: huingia aliyeandikwa. Mwaka 2020 aliyekuwa na kitu alipata nafasi ya kupewa kitu, na asiyekuwa na kitu aliambiwa arudi ziwani akavue.

Hii ndiyo hoja ya nne, na ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu husemwa kwa upole. Husemwa kwamba watu wa ziwani hawafi njaa. Utalii ukisimama, mtu hushika wavu au jembe, na maisha huendelea. Ni kweli kwamba watu ni hodari. Lakini uhodari wa maskini usigeuzwe kuwa sababu ya kumnyima haki. Tena wavu ule haukutupwa mahali patupu. Samaki wa Ziwa Tanganyika walikuwa wamepungua, na ndiyo maana nchi zinazolizunguka zilikubaliana lipumzishwe, na upande wa Tanzania uvuvi ukafungwa toka tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024. Kila mtu wa utalii aliyerudi kuvua mwaka 2020 aliongeza mkono mmoja juu ya samaki wale wale wachache. Mshahara ambao serikali haikuulipa ulilipwa na ziwa, na miaka minne baadaye ziwa likadai lipumzike. Hakuna kitu kilichookolewa hapo; deni lilihamishwa tu kutoka Hazina na kutiwa majini, na wavuvi ndio waliolilipia kwa miezi 3 ya kufungiwa.

Kuna pia jambo la sokwe wenyewe, ambalo wachumi aghalabu hulisahau. Sokwe hupatwa na maradhi ya kifua ya wanadamu. Mahale iliwapoteza sokwe kadhaa mwaka 2006 kwa ugonjwa wa namna hiyo, na ndiyo sababu wageni wa huko walikuwa wakivaa barakoa zamani, kabla dunia haijajifunza kuzivaa. Basi wakati wa janga, kazi ya kuwalinda wanyama hawa haikupungua, bali iliongezeka. Njia zilitaka kusafishwa, ufuko ulitaka kuangaliwa usiingiliwe, vijiji vya jirani vilitaka kuelezwa kwa nini mtu mwenye mafua asikaribie msitu. Kazi hizo zilikuwapo. Mikono ilikuwapo, imekaa bure kando ya boti. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha mikono na kazi kwa ujira.

Kenya ilionyesha mfano wake, na mfano huo una fundisho la pande mbili. Tarehe 23 Mei 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa shilingi za Kenya bilioni 53.7. Kwa upande wa utalii, bilioni 2 zilikuwa mikopo nafuu ya kukarabati hoteli na kupanga upya biashara, na bilioni 1 ilikuwa ya kuwaajiri walinzi wa wanyamapori 5,500 kutoka katika jamii za vijijini. Kumkopesha mwenye hoteli fedha za kupaka rangi vyumba visivyo na wageni ni kuhudumia kuta. Lakini kumlipa kijana wa kijijini alinde wanyama ambao wageni watarudi kuwatazama ni ruzuku ya mshahara katika maana yake bora: mtu anakula, kazi inafanyika, na mali ya umma inabaki salama. Ni bahati mbaya kwamba kuta zilipata maradufu ya watu. Hata hivyo wazo lilikuwapo jirani, ng'ambo ya mpaka, na lingeweza kuazimwa bila riba.

Wala Gombe haikuhitaji kuazima wazo hilo kutoka mbali. Mwezi wa Mei 1975 waasi walivuka ziwa kutoka Zaire wakawateka wanafunzi 4 wageni waliokuwa wakifanya utafiti huko. Baada ya hapo wageni waliondolewa, na kazi ya kuwafuata sokwe kila siku na kuandika habari zao ilibaki mikononi mwa Watanzania, watu wa vijiji vya jirani. Waliifanya vizuri, na kumbukumbu za Gombe hazikukatika. Sifa za utafiti ule zimeenea duniani, na Goodall, aliyefariki mwezi wa Oktoba 2025, alistahili sifa zake. Lakini lililoonekana mwaka 1975 ni wazi: mgeni anapoondoka, kinachobaki cha utalii na cha elimu hubaki kwa mwenyeji, na mwenyeji huweza kukitunza kama analipwa. Ni fundisho la miaka 45 kabla ya janga, lililofundishwa katika ufuko ule ule wa Kigoma.

Watasema wengine: kwa nini watu wa utalii, na wakulima je, na wamachinga je? Swali hilo ni la haki, na jibu lake si kwamba mwendesha boti ni bora kuliko muuza nyanya. Jibu ni kwamba nchi imewaita watu katika kazi hii kwa sauti kubwa. Vijana wameambiwa miaka mingi wajifunze lugha za wageni, wanunue injini, waache kukata miti ya mlimani, wawaheshimu sokwe wanaokula mazao yao, kwa kuwa utalii utawalipa. Wenye kuitikia wito huo waliacha mambo mengine. Aitaye watu wapande mtini ana wajibu wa kusimama chini tawi likivunjika. Na kama wakulima na wamachinga nao wana madai, basi na yasikilizwe. Haki ya mmoja haipungui kwa kuwa mwingine naye anayo.

Wakati wa kubishana juu ya mwaka 2020 kwa ajili ya kulaumu umepita. Watalii wamerudi, na mwaka 2023 walioingia nchini walikuwa 1,808,205, wengi kuliko kabla ya janga. Lakini magonjwa hayajaahidi kutorudi. Ugonjwa wa Marburg ulizuka mkoani Kagera, jirani na Kigoma, mwaka 2023, na tena mwaka 2025. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ambayo imezipata Ebola nyingi. Safari ijayo mgeni anaweza kukosekana kwa sababu ya ugonjwa usiofika hata Kigoma, ila umetajwa tu katika magazeti ya kwao.

Kwa hiyo lifanyike sasa, wakati ada za hifadhi zinaingia, jambo ambalo haliwezi kufanyika kwa haraka wakati wa msiba. Liandikwe daftari la watu wa utalii wasio na mkataba, mwaloni kwa mwaloni, kijiji kwa kijiji, na lisomwe mbele ya mkutano wa kijiji kila mwaka ili majina ya uongo yaaibishwe mchana. Itengwe sehemu ndogo ya ada ya kila mgeni aingiaye Gombe na Mahale, iwekwe katika mfuko usioguswa ila mwaka wa ukame. Na itamkwe katika sheria kwamba mfuko huo ukifunguliwa, fedha zitakwenda kwa mtu mwenyewe, naye atazifanyia kazi ya kulinda ziwa na msitu hadi wageni warudi. Mwenye hoteli naye asaidiwe kwa mikopo na nafuu ya kodi, lakini asifanywe mlango ambao riziki ya wengine ni lazima ipitie.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa miaka miwili ya janga watu wa mialo ya Kigoma walipata nusu ya kwanza ya msemo huo. Nusu ya pili bado wanaidai, na mdai huyo ana jina, ana boti na ana kijiji. Kilichobaki ni kumwandika.